Mgongo Ule ni wa Nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, juma lililopita niliombwa kufanya kazi ambayo sijaifanya kwa miaka mingi. Jimu moja ya hapa Kigoma, pale Mwanga, inataka kutundika ukutani picha za walimu wake wa mazoezi, ili mgeni akiingia ajue nani anafundisha nini na saa ngapi. Vijana wa pale wana simu zenye kamera kali kuliko zote nilizopata kuzishika maishani mwangu. Hata hivyo mwenye jimu alinifuata nyumbani, akaniamkia, akasema, "Mzee, hizi za simu tunazo mia. Tunataka za ukutani." Nikafuta vumbi kamera yangu, nikaenda.

Wale mnaodhani jimu ni vioo na mashine za kukimbilia, hii ya kwetu ni banda la bati. Vyuma vingine vimenunuliwa Dar es Salaam na kuletwa kwa treni. Vingine ni giya za malori mabovu. Na pembeni yapo makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji, ambayo vijana huyaheshimu kuliko vyuma vya dukani, kwa kuwa jimu ilianza nayo hayo.

Niliwaambia tupige saa kumi na moja jioni. Misuli haipigwi picha kwa mwanga unaotoka mbele. Ukimmulika mtu usoni, kifua chake kinakuwa bapa kama ubao. Misuli huonekana kwa kivuli, na kivuli huletwa na mwanga wa ubavuni. Kigoma tumejaliwa katika jambo hili, maana ziwa liko magharibi yetu, na jioni jua huteremka kuelekea milima ya Kongo, likatupa mwanga wa chini wenye rangi ya asali. Fungua mlango unaotazama ziwa, msimamishe mtu kwa ubavu, umemaliza kazi. Wakati wa filamu tulihangaika zaidi, kwa sababu filamu za rangi za akina Kodak kwa miaka mingi zilipimwa kwa ngozi nyeupe, na mtu wetu mweusi aliyesimama karibu na ukuta mweupe alitoka kama kivuli chenye meno.

Walimu ni watatu. Wa kwanza ni kijana, na alikwisha vua fulana kabla sijafungua mkoba. Huyo alijua pozi zote, sikuwa na la kumfundisha. Wa pili ni mama anayefundisha akina mama alfajiri. Alisimama na mtandio wake, mikono ameifunika, akasema, "Nipige uso tu. Wanaokuja kwangu wanajua nguvu zangu." Nikampiga uso, na naweza kusema ndiyo picha bora kati ya zote.

Wa tatu ni mtu mzima, zamani alikuwa kuli bandarini. Alikaa kwenye benchi akanitazama nikihangaika na kamera, halafu akauliza, "Jina litaandikwa wapi?" Nikamjibu kuwa mwenye jimu ataliandika chini ya picha, baadaye. Akatikisa kichwa. "Liandike wewe, kabla hujapiga."

Nikatoa daftari nikaandika. Sikumweleza kwa nini mkono wangu ulikuwa mzito.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 nilikuwa nikipeleka picha magazetini. Wakati ule wakimbizi kutoka Zaire walikuwa wakivuka ziwa kwa maelfu, na bandari na stesheni ya Kigoma zilijaa magunia ya chakula cha msaada. Nilimpiga picha kuli mmoja kwa nyuma, gunia begani, mgongo umelowa jasho, mwanga wa ubavuni kama ninaousifu hivi leo. Gazeti likaitoa. Maelezo niliyaandika mimi mwenyewe, siwezi kumsingizia mhariri: "Kuli mmoja akipakua unga mjini Kigoma."

Baada ya mwezi hivi nilisimamishwa sokoni na mtu nisiyemjua. Akaniambia mama yake alinunua vitumbua vilivyofungwa kwa kipande cha gazeti, akakikunjua, akamtambua mwanawe kwa mgongo. "Mama anauliza," akasema, bila hasira hata kidogo, "huyo Kuli Mmoja ni mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi nakala ya picha, na filamu ile ilikwisha kwenda Dar es Salaam na haikurudi. Hadi leo sijampa.

Tangu hapo, kila nionapo picha ya kale ya pwani hii ya Tanganyika, jambo la kwanza ninalolitafuta ni majina. Na nikuambie, ndugu msikilizaji, ni utafutaji wa kukatisha tamaa.

Tuanze na Ujiji, maana kila mgeni wa Kigoma hupelekwa Ujiji kuonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Siku ile haikupigwa picha ya kamera. Michoro tunayoiona vitabuni, ya kofia kuvuliwa na mikono kupeanwa, ilitengenezwa baadaye Ulaya. Stanley alipofika London mwaka 1872 aliingia studio ya London Stereoscopic Company akavaa tena nguo za safari, akashika bunduki, akasimama mbele ya pazia lililochorwa kama pori. Nyuma yake akasimamishwa mtoto wa Kiafrika. Picha hiyo iliuzwa kwa watu kama kadi. Kwa hiyo pori la safari ya Ujiji lilipigwa picha London, na wala si jambo la kushangaza kwa mtu aliyewahi kufanya kazi studio. Mimi mwenyewe nilikuwa na pazia lenye ndege ya abiria, na watu waliokuwa hawajafika hata Tabora walisafiri nayo.

Lakini mtoto yule alifika Ujiji kweli. Stanley alipewa mtoto huyo Tabora, na jina lake lilikuwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda, akamwita Kalulu. Alisoma shule kidogo Uingereza, akahudhuria mazishi ya Livingstone mwaka 1874, kisha akarudi na Stanley katika safari ya pili, akazama katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Stanley akayapa maporomoko hayo jina la Kalulu. Yaani maji yaliyomuua yalipewa jina ambalo hata si lile alilozaliwa nalo.

Safari hiyo ya pili ilipita Ujiji mwaka 1876. Waliondoka pwani ya Bahari ya Hindi mwaka 1874 watu zaidi ya 300. Njiani wengine walitoroka, wengine walikufa kwa ndui, njaa, maji na vita. Waliobaki walitokea upande wa pili wa Afrika, Boma, mwezi wa Agosti 1877. Huko Kabinda mtu mmoja, Bwana Phillips, aliwapiga picha, na kutokana na picha hiyo Stanley akaweka mchoro kitabuni mwake. Watu wamekaa na kusimama kwa kundi, wamekonda. Hao ndio mabingwa wa mazoezi wa karne ile. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na wao walitembea nao kutoka bahari hadi bahari. Leo mwalimu wetu wa jimu angempa mwanafunzi uzito huo kwa dakika kumi, kisha ampe maji. Na maelezo chini ya picha yanawaita wafuasi wa Bwana Stanley. Mpigaji tunamjua kwa jina.

Nisiwe mwongo, wapo waliopata bahati. Susi na Chuma, ambao mwaka 1873 pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi pwani, walipelekwa Uingereza mwaka 1874 wakapigwa picha Newstead Abbey pamoja na watoto wa Livingstone, na majina yao yakahifadhiwa. Susi huyo ndiye aliyetoka mbio siku ile ya Ujiji kumlaki Stanley kwa salamu ya Kiingereza. Ukiitazama picha ya Newstead, utaona wamevaa makoti mazito ya Kizungu. Mwili uliobeba mzigo umefunikwa, na jina limeonekana. Wapagazi wa kwenye kadi za posta za Wajerumani walipata kinyume chake: kifua wazi, na chini pameandikwa kabila au kazi, basi.

Na hapa nitoke kidogo nje ya Kigoma, maana miaka hiyohiyo Ulaya ilianza kuupenda mwili wenye nguvu. Alikuwapo mtu aitwaye Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg, aliyetunisha misuli majukwaani na kupigwa picha karibu uchi, na kadi zake zikanunuliwa kila mahali, jina lake chini yake. Mwezi wa Septemba 1901 aliandaa mashindano katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Tunalijua jina lake hadi leo, na sijui kama alipata kubeba frasila mbili hata kutoka Kigoma hadi Ujiji.

Kisha ikaja reli, Februari 1914, ikafuatwa na meli. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Hapa Kigoma iliungwa upya kwa ribiti, na ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ndiyo Liemba yetu: Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina hilo jipya. Mafundi watatu waliotoka Papenburg kuja kuiunga wanajulikana: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Lakini meli ya urefu wa mita 70 haiungwi na watu watatu. Watu wetu walishika nyundo, wakapuliza moto, wakabeba mabati. Jina la hata mmoja wao sijawahi kulikuta popote, na nimetafuta.

Kuna jambo jingine ambalo hulisema kwa kucheka kidogo. Mwaka 1960 Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe, mwendo wa boti kutoka Kibirizi. Mwaka 1962 akaja Hugo van Lawick na kamera zake, na sokwe wa kwetu wakajulikana ulimwengu mzima kwa majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Wataalamu wengine walimlaumu mama yule, wakisema mnyama wa utafiti hupewa namba, si jina. Alikataa, na nadhani alifanya vyema. Ila mtu akiniuliza ni nani wa kwanza katika pwani hii kupigwa picha nyingi, kwa heshima na kwa jina lake kamili, itabidi nifikiri sana kabla sijajibu kuwa ni binadamu.

Studio zilitubadilisha. Ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi, Kinshasa, Jean Depara aliwapiga picha vijana wa misuli kando ya bwawa la kuogelea, na wale vijana walijituma wenyewe. Kwetu hali hiyo ilikuja na vibanda vya video. Filamu za Rambo na Komando zilipoingia, kila kijana aliyebeba magunia Kibirizi aligundua kuwa anao mwili ule ule na hakuulipia senti. Walikuja studio Jumapili, wamejipaka mafuta ya mawese, wakalipa, wakaniamrisha nisimame wapi. Nyuma ya picha waliandika wenyewe kwa kalamu: jina, tarehe, na mara nyingi jina la msichana. Zile picha zipo kwenye maalbamu ya nyumba nyingi za Gungu na Ujiji, na ndizo ninazoziamini.

Tukirudi kwenye jimu. Picha zimetoka vizuri. Lakini kumezuka ubishi. Fundi wa kuandika vibao hutoza kwa herufi, na mwenye jimu alitaka yaandikwe majina ya utani tu, kwa kuwa ndiyo mafupi na ndiyo yanayojulikana mtaani. Kijana hakujali. Yule mama alisema jina lake ni moja. Yule mzee wa bandarini akataka yote matatu, lake, la baba na la babu, jumla herufi 23, nafasi zikiachwa. Mwenye jimu akaguna kwamba hiyo ni hesabu ya kibao cha duka zima.

Sitayataja majina hayo hapa redioni, maana ruhusa niliyopewa ni ya ukutani. Herufi za mzee nimezilipia mimi. Fundi alisema rangi itakauka kwa siku mbili, na Jumamosi watapigilia misumari.