Ufanisi wa Nishati: Istilahi, Kadi ya Michoro na Uniti za LUKU

"Bosi, chukua hii, haili umeme." Ndivyo wauzaji wa kompyuta wanavyosema, uwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, pale mteja anaposhika kadi mpya ya michoro na kuduwaa kwa bei yake. Mteja anaelewa jambo moja tu, kwamba akiifunga hiyo, LUKU itadumu. Lakini sifa ambayo watengenezaji wa kadi hizi wanajivunia ni nyingine. Wao wanahesabu kazi ambayo kadi inafanya kwa kila wati inayotumia, na kipimo hicho ndicho vitabu vyetu vinakiita ufanisi wa nishati. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kutoa laki kadhaa na asione tofauti yoyote kwenye mita.

Kwa Kiswahili jambo hili lina majina matatu. La kwanza ni hilo la ufanisi wa nishati. Ufanisi lina asili ya kitenzi fana, kama sherehe inavyofana, ambacho kilizaa fanisi, yaani kufanya jambo lifane. Kamusi za zamani zililitafsiri kuwa neema na mafanikio. Leo linabeba maana mbili kwa pamoja: kulifikia lengo, na kulifikia kwa gharama ndogo. Kadi inayoendesha gemu bila kukwama huku ikivuta wati 300 ina ufanisi kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili huenda haina kabisa.

La pili ni matumizi bora ya nishati, analolitumia zaidi mtu wa serikali akihimiza wananchi kuzima taa na kuchagua vifaa visivyopoteza umeme. Linamfaa mtumiaji, kwa kuwa linazungumzia mwenendo. Kwa kifaa halikai vizuri. Ukisema kadi hii ina matumizi bora mara mbili ya ile, msikilizaji atabaki anakutazama.

La tatu ni tija, na hili Nyanda za Juu Kusini halihitaji mkalimani. Afisa ugani akiwaambia wakulima wa Mbarali kuwa tija ya mpunga imepanda, kila mmoja anajua amegawanya magunia kwa ekari. Hiyo ndiyo hesabu tunayoitaka hapa: juu iwekwe kazi, chini uwekwe umeme. Kwa hiyo ninaona ufanisi wa nishati libaki kuwa jina la sifa yenyewe, na kipimo chake tukiite tija kwa kila wati. Mtu akisikia tija, moja kwa moja atauliza: tija ya nini, kwa kiasi gani?

Mfano bora wa sifa hii unapita katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Maji ya Ruaha Mkuu yanakusanyika kwenye bonde la Usangu, yanateremka upande wa Iringa hadi bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 80. Yakitoka hapo yanakwenda Kidatu, kwenye megawati 204. Kisha yanaingia Rufiji, ambako tangu mwaka 2024 yanapita katika Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115. Tone lililofanya kazi Mtera linafanya kazi tena Kidatu, na tena Rufiji. Matumizi ya maji hayajapungua hata kidogo. Kilichoongezeka ni kazi kwa kila tone.

Turudi kwenye kadi. GTX 1060 ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo bado imejaa kwenye soko la mtumba, imewekewa ukomo wa wati 120. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina ukomo wa wati 115. Ukisikiliza lugha ya dukani, umeokoa wati tano, sawa na taa moja ndogo ya LED. Ukipima tija, kadi mpya inatoa picha zaidi ya mara mbili kwa kiasi kilekile cha umeme. Sasa chukua GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye ukomo wa wati 60. Hiyo kweli hula kidogo kuliko zote mbili, lakini kwa tija iko mkiani. Kula kidogo na kuwa na tija ni mambo mawili.

Tija hii inatoka kwenye udogo wa transista. Kadi za 2014 zilitengenezwa kwa teknolojia inayoitwa ya nanomita 28, za 2016 kwa nanomita 16, na RTX 4060 imetoka kwenye kizazi cha nanomita 5. Tarakimu hizo siku hizi ni majina ya vizazi kuliko vipimo halisi, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: transista ikiwa ndogo, umeme unaohitajika kuiwasha na kuizima hupungua. Zaidi ya hapo, kadi mpya zina sehemu maalumu za kung'amua na kufunga video, na kazi iliyopewa sehemu yake maalumu hutumia umeme kidogo sana kuliko ikifanywa na prosesa.

Sasa LUKU. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa bei za EWURA, mdhibiti wa nishati, za mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, ambamo wamo maduka na studio nyingi, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1, inafika shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi inatoa uniti 28. Mteja wa D1, mwenye matumizi madogo nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, ambazo pamoja na makato ni 122. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato.

Tuseme una GTX 970 ya wati 145, na unataka kuhamia RTX 3050 ya GB 6, yenye ukomo wa wati 70. Kwa kazi, kadi hiyo mpya haiko nyuma ya ile ya zamani. Umeokoa wati 75. Ukiifanyisha kazi kwa nguvu zote saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi, umeokoa uniti 11.7. Kwa T1 hizo ni takriban shilingi 4,170 kwa mwezi, au elfu hamsini kwa mwaka. Kama kadi imekufikia kwa laki tano, itachukua miaka kumi kurudisha hela yake, na miaka kumi kwa kadi ya michoro ni uzee. Kwa D1 ni shilingi 1,430 kwa mwezi, na hapo hesabu inakaribia miaka thelathini. Afadhali kidogo ni yule wa D1 ambaye kompyuta yake ndiyo inamvusha uniti 75 kila mwezi, maana kila uniti anayookoa inatoka kwenye zile za bei kali.

Na hiyo ni kadi iliyobanwa kazi saa sita mfululizo. Anayeandika barua, kujaza fomu za wanafunzi na kuchapa haibani kadi yake hata kidogo. Kadi ikitulia, ya zamani na mpya zote hushuka hadi wati kumi na kitu. Mwenye stationari akibadilisha kadi kwa ajili ya LUKU atakuwa ametupa pesa.

Je, nani basi anafaidika? Tazama studio ya video wakati wa msimu wa harusi. Kazi moja ya kurenda inachukua saa mbili kwenye kompyuta ya zamani inayovuta wati 225, kadi na vifaa vingine vyote pamoja: hiyo ni uniti 0.45, shilingi 160. Tuseme kompyuta hiyohiyo yenye kadi mpya inavuta wati 195 na kumaliza kwa nusu saa: uniti 0.1, shilingi 35. Umeme uliookolewa ni bei ya andazi. Lakini saa moja na nusu imerudi mezani, na katika wiki yenye sendoff mbili na harusi tatu, muda huo ndio unaoamua kama mteja atapata video yake Jumatatu au ataanza kupiga simu. Tija imeleta pesa, ila haikupitia kwenye mita.

Faida nyingine iko kwenye aina ya video. Simu nyingi za kisasa hurekodi kwa mfumo wa HEVC ili faili liwe dogo. GTX 970 haina sehemu kamili ya kuung'amua mfumo huo, kwa hiyo mzigo unaangukia prosesa, na video inakatakata kwenye programu ya kuhariri. Hapo hata kadi ndogo mpya inaondoa kero ambayo RAM ya ziada haitaiondoa.

Halafu kuna mashine zenyewe. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua ni mtumba wa maofisini, kama Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, yenye pawa saplai ya wati 240 na isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kuchomekea kadi kwenye ubao mama linatoa wati 75, basi. GTX 970 inataka nyaya mbili za ziada, kwa hiyo haiingii. RTX 3050 ya GB 6 katika umbo fupi inaingia na kuwaka. Kwa mwanafunzi wa usanifu wa majengo pale chuo kikuu cha MUST jijini Mbeya mwenye mashine ya aina hii, ufanisi wa nishati unamaanisha kufanya kazi ambayo jana haikuwezekana, na bila kubadilisha kompyuta nzima.

Umeme ukikatika, wati zinahesabika tena kwa namna nyingine. UPS ndogo ya VA 650 haifiki uwezo wa wati 400. Mashine yenye kadi kubwa ikikamatwa na giza katikati ya kurenda, UPS inaweza kulia na kuzima papo hapo. Yenye kadi ya wati 70 inakupa dakika za kuhifadhi kazi. Joto nalo lina hesabu yake, kwa sababu umeme wote unaoingia kwenye kadi hugeuka joto. Mbeya iko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15, hivyo feni inasukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko. Baridi ya Juni inafidia, ila vumbi la kiangazi halifidiwi na kitu isipokuwa brashi.

Tahadhari moja inabaki. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba kadiri injini za mvuke zilivyoboreshwa, matumizi ya makaa ya mawe yaliongezeka. Kwenye kadi za michoro ni vivyo hivyo. Mwaka 2014 GTX 980, kinara wa wakati wake, ilitosheka na wati 165. RTX 5090 ya mwaka 2025 ina tija inayoizidi mbali, na inavuta hadi wati 575. Watu hawakuchukua tija ile kama akiba. Waliigeuza kuwa picha kubwa na gemu nzito. Nawe ukinunua RTX 4060 kisha ukapandisha ubora wa gemu hadi mwisho, mita itasoma kama jana. Akiba hupatikana pale tu kazi inapobaki ileile na kadi kuwekewa mpaka, kwa mfano picha 60 kwa sekunde.

Ikiwa istilahi hii itaingizwa kwenye kamusi, ningependekeza iandikwe hivi: ufanisi wa nishati, sifa ya kifaa kufanya kazi nyingi kwa umeme kidogo, hupimwa kwa tija kwa kila wati. Na anayekwenda dukani aichukue kama kanuni ya ununuzi. Kama kazi yako haitaongezeka, kadi ya zamani ingali inafanya kazi, na sababu pekee ni LUKU, usinunue. Kama kazi inakusubiri kila siku, pawa saplai ni ndogo, au video za wateja zinagoma kufunguka, nunua, na faida yake itafute kwenye daftari la mapato.