HISTORIA YA JUMAMOSI, SEHEMU YA 6: Treni ndogo ya Eiheiji

Nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, watoto wako kwenye katuni. Leo naendelea na usafiri kama nilivyoahidi, ila tunakwenda mbali kidogo, Japani. Na sio Tokyo kwenye zile treni za kasi. Tunakwenda mkoa wa Fukui, huko kwenye mashamba ya mpunga na milima, ambako kipupwe kikiingia theluji inashuka ya kufunga barabara.

Huko kuna bonde lenye hekalu kubwa la Kibuddha linaitwa Eiheiji, lilianzishwa na mtawa Dogen mwaka 1244. Watu wamekuwa wakienda kuhiji pale karne na karne kwa miguu. Mwaka 1925 ikafunguliwa reli ya kupandisha mahujaji mpaka karibu na hekalu. Kampuni iliyoijenga ikaja kuunganishwa na kampuni ya Keifuku mwaka 1944, na mwaka 1969 upande mmoja wa njia ukafungwa. Kikabaki kipande cha kilomita 6.2 tu, kutoka stesheni ya Higashi-Furuichi mpaka Eiheiji.

Kilomita sita, jamani! Hapo katikati kulikuwa na vistesheni vitatu, Suwama, Kyozen na Ichinono. Treni yenyewe ya umeme, mara nyingi behewa moja na dereva peke yake, inapanda taratibu kufuata bonde. Mahujaji na watalii walikuwepo, lakini treni ya namna hii kila siku inabeba watu wa kawaida: mtoto wa sekondari, bibi anayekwenda kliniki mjini, mama mwenye vifurushi. Pale Higashi-Furuichi, jina ambalo ukilitafsiri ni kama "Soko la Zamani la Mashariki", walikuwa wanabadilisha treni kuingia ile njia kubwa ya kwenda Fukui mjini.

Sasa hapa ndipo penye uchungu.

Tarehe 17 Desemba 2000 treni ilikuwa inashuka kutoka Eiheiji. Breki zikakatika. Ikapita Higashi-Furuichi bila kusimama, ikaingia njia kubwa na kugongana na treni iliyokuwa inakuja. Dereva wa treni iliyokosa breki alifariki, abiria wakaumia. Watu hawajasahau, miezi sita baadaye, tarehe 24 Juni 2001, treni mbili za kampuni ileile zikagongana uso kwa uso kwenye njia ya Katsuyama. Dereva mmoja aliondoka stesheni wakati taa haikumruhusu, na njia ile haikuwa na mtambo wa kuisimamisha treni yenyewe dereva akikosea. Kesho yake treni zote za Keifuku mkoani Fukui zikasimamishwa.

Na mimi nasema walifanya sawa kusimamisha. Huwezi kupakia watoto wa watu kwenye treni usiyoiamini. Lakini tuangalie kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike haya.

Waliletwa mabasi ya kushika nafasi ya treni. Kwenye karatasi mambo yameisha. Kwa vitendo, wazazi waliokuwa wanawaacha watoto wapande treni wenyewe wakaanza kuwapeleka shule kwa magari, barabara zikajaa, mabasi nayo yakakwama kwenye foleni hiyohiyo. Ikaja theluji, ndiyo kabisa. Wanafunzi wakachelewa. Wazee wakawa hawatoki tena nyumbani. Hata mtu mwenye gari lake, ambaye hajakata tiketi miaka kumi, akajikuta kwenye foleni ndefu asubuhi. Wajapani walikipa kipindi kile jina, ukilitafsiri ni "jaribio hasi la kijamii". Yaani hakuna aliyepanga, lakini mkoa mzima ulipimwa: ondoa treni, tuone.

Kwa sisi wa hospitali hilo la wazee kutotoka ni zito. Mgonjwa asiporudi kliniki, kwenye rejista tunaandika "mtoro". Nimeandika neno hilo mara nyingi kwa mkono wangu. Siku moja nikampigia simu mama mmoja wa presha aliyekosa tarehe mbili, akanijibu kwa upole, "Nesi, gari la asubuhi limeacha kupita huku." Hakuwa amepuuza wala kusahau. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika mtoro, nauliza kwanza mtu alikuwa anakuja na nini. Sasa fikiria bibi wa Kyozen ambaye kituo chake kilikuwa hapo chini ya nyumba.

Kule Fukui wananchi hawakukaa kimya. Vikundi vya mtaani vikadai treni zirudi, mkoa na miji ikakubali kuchangia, na mwaka 2002 ikaundwa kampuni mpya, Echizen Railway, ya pamoja kati ya serikali za pale na watu binafsi. Mwaka 2003 treni zikaanza tena kwenye njia mbili, ya Katsuyama na ya Mikuni. Wakaweka na wahudumu wanawake ndani ya behewa. Wanakata tiketi, wanamshika mzee mkono akipanda, wanamwelekeza mgeni. Ukiniuliza mimi, hiyo nayo ni huduma ya afya.

Ila njia ya Eiheiji haikurudi. Ilifungwa rasmi Oktoba 2002. Hesabu ilikuwa rahisi: kilomita chache, abiria wachache, na basi kutoka Fukui linafika hekaluni moja kwa moja. Naielewa hesabu hiyo. Lakini basi la moja kwa moja linamfaa zaidi anayekwenda hekaluni, na katikati ya bonde kuna wanaoishi.

Reli ziling'olewa, pakawa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Halafu, hili wanangu wamelipenda, kwenye kipande cha njia hiyo tangu Mei 2023 vinapita vigari vidogo vya umeme visivyo na dereva, vinafuata waya uliofukiwa chini, mwendo hauzidi kilomita 12 kwa saa. Oktoba mwaka huohuo kimoja kikagusa baiskeli, vikasimamishwa vyote, vikarudi mwaka uliofuata.

Jengo la zamani la Higashi-Furuichi bado lipo, limetunzwa. Stesheni yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2003, sasa inaitwa Eiheijiguchi, maana yake mlango wa Eiheiji. Ukishuka hapo leo unakwenda hekaluni, unatoka nje, unasubiri basi.