Gari la familia: nyeupe inauzika haraka, ila kagua chini ya rangi

Bongo ukitaja gari la used watu wanauliza kwanza namba, halafu rangi. "Chukua nyeupe au silva mwanangu, siku ukitaka kuuza hukosi mteja." Na mimi nilikuwa mhubiri wa maneno hayo, mpaka yaliponikuta.

2021 mzee wangu alistaafu, sehemu ya kiinua mgongo ikatengwa ya gari. Nyumbani tuko saba, kwa hiyo tukaamua Toyota Spacio yenye safu tatu za siti. Tukabaki na mbili, zote za 2003, zote namba D. Moja damu ya mzee, milioni 8 na laki 2. Nyingine nyeupe, milioni 9. Dalali wa nyeupe akamwambia mzee, "Mzee wangu, hii ni hela iko benki, ukiichoka wiki moja tu imeondoka." Mzee akanigeukia mimi, eti ndo najua mambo ya mtandaoni. Nikasema nyeupe.

Nianze na ukweli mmoja ambao wengi hawaufikirii: ushuru haujui rangi. Ukiingia kwenye kikokotoo cha TRA unaulizwa aina ya gari, mwaka, nchi lilikotoka, mafuta na cc. Rangi haimo. Kwa hiyo nyeupe na damu ya mzee zikifanana mengine yote zinatoka bandarini kwa ushuru uleule. Tofauti ya bei tunaitengeneza sisi wenyewe mtaani.

Na sababu ipo. Teksi za Dar kwa kawaida ni nyeupe zenye mstari ubavuni, maofisi nayo yanapenda nyeupe, kwa hiyo wanunuzi ni wengi. Halafu jua letu... nyeupe haishiki joto kama nyeusi. Silva inaficha vumbi na mikwaruzo midogo. Nyeusi ikioshwa inapendeza saa moja tu, na kila mchubuko unaonekana. Nyekundu ikikaa sana juani inapauka. Angalieni pia pearl, ile nyeupe inayong'aa kama lulu: inapigwa kwa tabaka tatu, ukikwaruza mlango fundi anakutoza zaidi na bado anaweza asiipatie.

Marekani mambo ni tofauti. Kampuni ya iSeeCars mwaka 2023 ilikuta rangi iliyopoteza thamani kidogo kuliko zote ni njano. Njano ni chache, na anayeitaka anaitaka kweli. Msije mkaenda kununua Noah ya njano kwa sababu yangu jamani, hapa utakaa nayo.

Sasa ile nyeupe yetu. Mvua za kwanza tu, rangi ya mlango wa nyuma ikaanza kuvimba. Fundi rangi akakwangua: puti nene, chini yake mstari wa teksi, chini ya mstari silva. Akafungua boneti akanionyesha kibati cha gari, pale palipoandikwa C/TR. Namba ya kwanza pale ndo rangi ya kiwandani. Kwa Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni pearl, 202 ni nyeusi. Yetu ilisema 1C0, yaani silva. Kadi ilisema nyeupe, na mimi niliangalia kadi peke yake. Kumbe kadi inaweza kubadilishwa kihalali kabisa gari likibadilishwa rangi, kibati kinabaki vilevile.

Kwa hiyo ukienda kukagua anza na kibati. Kwenye magari mengine kiko kwenye nguzo ya mlango. Kisha vuta raba za milango, funua zulia la buti, angalia nati za boneti kama zimechubuliwa na spana. Beba sumaku ndogo ya friji, pitisha taratibu kwenye milango na mafenda: isiposhika vizuri, hapo kuna puti. Bampa usihangaike nayo, ni plastiki. Nenda mchana, gari likiwa kavu. Likitoka kuoshwa tu linadanganya.

Kama gari ndo limeshuka kutoka Japan, omba karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kilichobadilishwa. Daraja likiwa R, ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa. Muuzaji akisema karatasi imepotea, mimi naondoka.

2023 mama alitakiwa kufanyiwa upasuaji, tukaitoa gari sokoni. Kweli watu walikuja haraka, siku ya kwanza watatu. Kila mmoja alikuja na fundi wake, na kila fundi alifungua boneti. Iliondoka kwa milioni 5 na nusu, iliyobaki tukachangishana na ndugu. Mama yuko salama, mzee hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndo linaniuma zaidi.

Siku hizi kwa rangi peke yake siongezi zaidi ya laki mbili. Mzee anatafuta tena, safari hii rangi anachagua mama. Mwenye Spacio ya siti saba isiyoguswa puti aseme hapo chini, hata ikiwa damu ya mzee.