Ua Lililo Katika Chai Yetu



Hapa kwetu Panda mtu akifiwa, majirani hukesha naye, na sufuria kubwa ya chai haitoki motoni. Usiku mmoja tulipokuwa kilioni, mtoto mdogo alichungulia kikombe chake, akatoa humo kitu cheusi chenye kichwa, akauliza: "Nkambo, nani ametia misumari katika chai?" Watu wakacheka kidogo, hata wafiwa wenyewe. Nkambo akamjibu: "Kunywa tu, mjukuu wangu. Hiyo ni karafuu, ndiyo inayonukia." Mtoto akanywa. Lakini sisi tulibaki tukiwaza, maana swali lile lilikuwa kubwa kuliko mwenye kuuliza.

Kwanza, mtoto hakukosea sana. Wafaransa nao huiita karafuu msumari, na neno lao latoka katika Kilatini, clavus, maana yake msumari. Pili, kile alichokishika hakikuwa mbegu, wala mzizi, wala gome la mti. Kilikuwa ua. Karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kuchanua, likaanikwa juani mpaka likawa jeusi. Kile kichwa cha mviringo ni ua lenyewe, bado limefumba.

Kunywa chai yenye maua si desturi yetu peke yetu. Wachina, ambao kwao ndiko asili ya majani ya chai, hutumia asmini, ua dogo jeupe. Mji wa Fuzhou una sifa kwa kazi hiyo. Vichomozi vya asmini huchumwa mchana. Usiku, vinapofunguka, huchanganywa na majani makavu ya chai. Majani hunywa harufu usiku kucha, na asubuhi maua hupepetwa na kutupwa. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa. Wengine hutia waridi katika chai nyeusi. Tena hapo twapata fundisho la jikoni: jani la chai hushika kila harufu iliyo karibu nalo. Ukiliweka pamoja na samaki wakavu au sabuni, usimlaumu mwuza duka.

Sasa turudi kwa ua letu. Mkarafuu haukuzaliwa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali sana mashariki, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Zamani Waholanzi waliishika biashara hiyo peke yao, hata wakaikata mikarafuu ya visiwa vingine ili bei isishuke. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa mkubwa wa serikali katika kisiwa cha Mauritius, alifaulu kuipata miche na mbegu kwa siri. Kutoka visiwa vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Huko ulimpata mtu aliyejua faida yake. Sayyid Said, Sultani wa Omani, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alihimiza watu wapande mikarafuu kwa wingi. Unguja na Pemba vikawa mashamba matupu, na sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ikatoka huko.

Lakini karafuu ni kazi ya mikono mingi. Ua halingoji: likichanua mtini, thamani yake imekwisha. Hivyo lazima watu wapande mtini, wachume vishada, wavichambue, watenge karafuu na makonyo, waanike juu ya majamvi, na kukusanya upesi mvua ikitishia. Mikono hiyo ilitoka wapi? Ilinunuliwa. Watumwa waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, na wengine kwa njia ndefu ya Tabora na Bagamoyo.

Na hapa, ndugu wasomaji, habari hii yaingia nyumbani kwetu. Katikati ya karne ya 19 alikuja Katanga mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, jina lake Msiri. Akajifanya mfalme, akajenga mji wake Bunkeya, kaskazini ya mji wetu wa Likasi. Kutoka Bunkeya zilitoka shaba, chumvi, pembe za ndovu, na watu. Zikaingia bunduki, baruti na nguo. Misafara mingine ilikwenda magharibi mpaka Bihe na Benguela, na mingine ilishika njia ya mashariki, kuelekea pwani ya Unguja. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, mikononi mwa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili. Majina ya waliopita njia ile wakiwa wamefungwa shingo, hakuna aliyeyaandika.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Mwaka uliotangulia, dhoruba kali ilikuwa imeing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Lakini soko kufungwa si watumwa kufunguliwa. Waliokuwa mashambani walingoja mpaka mwaka 1897 ndipo sheria ya utumwa ilipoondolewa visiwani.

Njia ile ile ilitupa na kitu kingine. Kiswahili, tunachosalia na kuuzia sokoni, kilianza kufika Katanga katika vinywa vya watu wa misafara. Baadaye Union Minière ilipowakusanya wafanyakazi wa makabila mengi katika makambi yake, na hapa Panda pia, Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya nyumba. Lugha nzuri na harufu nzuri zilishika njia moja na minyororo.

Je, tuache kutia karafuu? Hapana. Ua halina kosa, wala lugha haina kosa. Kosa ni la mtu aliyemthamini mwenziwe chini ya ua. Wahenga husema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Karafuu ikielea kikombeni, kuna mkono ulioichuma, na ni haki mkono huo ukumbukwe.

Tena, wahenga watuwie radhi, kwa karafuu kuelea si sifa. Ukitaka kujua kama ni nzuri, itie katika maji: iliyo na mafuta yake huzama, au husimama kichwa juu. Iliyokwisha nguvu hulala juu ya maji.

Siku ya kuondoa kilio tulimkuta mtoto yule mlangoni. Tukamwambia kwamba msumari wake ulikuwa ua, na kwamba hapo kale watu walinunuliwa ili walichume. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wao walipewa chai?"

Hatukuwa na jibu. Sasa kila tunapotia karafuu katika sufuria, twalisikia swali lake.