Kutoka Seli Kandamizi hadi Seli Dhibiti: Historia ya Istilahi Moja ya Mafua ya Mzio

Miongoni mwa istilahi za tiba ambazo bado hazijapata kauli moja katika Kiswahili, iko inayohusu chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake si kupigana na maradhi, bali kuwatuliza wapiganaji. Wataalamu wa kinga wanaziona kuwa ni sehemu kubwa ya jibu la swali hili: kwa nini watu wawili hulala katika chumba kimoja chenye vumbi lile lile, na alfajiri mmoja akaamka akipiga chafya mfululizo, ilhali mwenziwe ameamka salama? Mfasiri anayezikuta chembe hizo katika maandishi ya kigeni ana njia nyingi mbele yake. Aweza kuziita seli kandamizi, au zuizi, au rekebishi, au dhibiti. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi huo si wa mapambo. Kiingereza, kilichotutangulia katika jambo hili, kilichagua vibaya hapo kwanza, na kosa hilo lilichelewesha elimu yenyewe.

Tuanze na ugonjwa. Mwaka 1819 daktari John Bostock aliwasomea wenzake mjini London maelezo ya maradhi ya macho, pua na kifua yaliyokuwa yakimrudia yeye mwenyewe kila kiangazi. Watu waliyapa jina linalounganisha homa na majani makavu ya mifugo, ijapokuwa mgonjwa hana homa na majani yenyewe hayana hatia ya pekee. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester, kwa kujifanyia majaribio mwilini mwake, alithibitisha kwamba chanzo ni chavua ya nyasi. Kisha mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna aliunda neno kutokana na Kigiriki, lenye maana ya utendaji uliogeuka. Neno hilo ndilo tunalolifasiri leo kwa mzio.

Hapo Kiswahili hakikuhitaji kubuni. Mzio ni neno la kale: ni chakula au kitu ambacho mtu hujiepusha nacho, ama kwa kuwa humdhuru, ama kwa kuwa ni mwiko kwake. Yaelekea ni ndugu wa neno la Kiganda omuziro, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo fulani haukili. Neno limekaa vema, lakini limekuja na mzigo wake. Katika kukusanya maneno ya wavuvi na wakulima wa korosho huko Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, mwandishi wa makala hii aliulizwa na bibi mmoja aliyekuwa ameambiwa na mganga kwamba ana mafua ya mzio: "Mjukuu wangu, mzio wa nini tena? Pweza sili, na kamba sijawaonja tangu mwaka jana." Kwake yeye mzio huingia kwa kinywa. Kwamba waweza kuingia kwa pua, kutoka katika mto wa sufi anaoulalia, halikuwa jambo lililomo ndani ya neno hilo, wala hakuna aliyelitia. Pia ipo salfa ya unga ipulizwayo kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Hiyo huwasha macho na pua za kila aliye karibu. Huo ni mwasho, si mzio. Mzio huchagua mtu wake. Salfa haimchagui mtu.

Katika pua ya mwenye mzio mambo huenda hivi. Kitu kisicho na madhara, tuseme kinyesi cha utitiri wa vumbi la nyumbani, hugusa utando wa pua. Aina fulani ya seli T (T ni herufi ya kwanza ya jina la thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari ambamo seli hizo hukomaa) huchochea utengenezaji wa kingamwili za aina ya E. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli masti, na kitu kile kikirudi, seli masti humwaga histamini. Kamasi hutiririka, pua huziba, chafya hufuatana. Hapa mfasiri ajihadhari. Masti si mlingoti wa chombo, kama Kiingereza kinavyoweza kumdanganya. Ni neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo, alilolitumia Paul Ehrlich mwishoni mwa miaka ya 1870 kwa kudhani kwamba punje zilizomo ndani ya seli hizo ni lishe. Asili za kubahatisha zina nguvu sana. Wako hata leo wanaoshikilia kwamba machinga, mchuuzi wa barabarani, ni Kiingereza cha kijana anayetembea, wakati Wamachinga ni watu wa mkoa wa Lindi, na jina lao lilikuwapo kabla ya vijana wa kusini kuanza kuchuuza bidhaa Dar es Salaam.

Sasa tufike kwa hao watulizaji. Mwaka 1970 Richard Gershon na Kazunari Kondo, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, walionyesha kwa panya kwamba baadhi ya seli zitokazo katika thaimasi haziongezi mwitikio wa kinga, bali huupunguza. Seli hizo zikapewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya kukandamiza. Kwa zaidi ya miaka kumi zilivuma. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 wachunguzi wa jeni walitazama mahali palipodhaniwa kuwa na jeni ya alama ya seli hizo, wasiione. Jina likaanguka pamoja na heshima ya waliolitumia, na wengi wakaikimbia mada yenyewe. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua upya kwa alama nyingine, na mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaeleza jeni ya Foxp3, ambayo ikiharibika mtoto huzaliwa na kinga inayoushambulia mwili wake mwenyewe, na aghalabu huwa na ukurutu na wingi wa kingamwili za aina ya E. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Lakini seli zilizorudi hazikurudi na jina la zamani. Ziliitwa zenye kudhibiti.

Badiliko hilo lilikuwa la haki, na pua yaonyesha sababu. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba seli hizi, zikitolewa kwa watu wenye mzio wa chavua, hutuliza kidogo kuliko zile za watu wasio na mzio, hasa katika msimu wa chavua. Tiba ya kumzoesha mgonjwa kwa sindano za kitu kinachomdhuru, iliyoelezwa na Leonard Noon mjini London mwaka 1911, imeonekana kuziongezea nguvu. Mtu asiye na mzio, basi, hakunyimwa kinga. Anayo kinga inayojua kiasi. Nahodha wa pwani akiona upepo umezidi, si lazima atue tanga. Hulegeza demani, na chombo kikaendelea na safari. Sipendekezi seli demani, ingawa nakiri limenivutia.

Neno kukandamiza lina hatari ya pekee katika lugha yetu, kwa sababu ya historia ya neno kinga. Tangu miaka ya 1980 Watanzania wamelisikia neno hilo zaidi ndani ya UKIMWI, ambao kwanza ulifasiriwa kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, kisha ukasahihishwa kuwa Upungufu, kwa bahati njema bila kuharibu kifupisho. Mgonjwa wa mafua ya mzio akiambiwa kwamba anahitaji seli nyingi zaidi za kukandamiza kinga, atasikia nini? Kudhibiti nako kuna utata, kwani twadhibiti wezi na twadhibiti kipindupindu. Hata hivyo watumishi wa serikali wamekwisha kuzoea Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo kazi yake si kuyakata maji. Kwa hiyo napendelea seli T dhibiti, kwa sharti kwamba maelezo yaseme zinadhibiti mwitikio wa kinga, yasiseme tu kwamba zinadhibiti kinga.

Sharti hilo lina uzito katika mwambao ambako dawa za minyoo, kichocho na matende hugawiwa kwa watu wengi kwa pamoja. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa kutoka Gabon kwamba watoto wenye kichocho hawakuonyesha mzio wa utitiri kwa wingi kama wenzao, na jambo hilo lilihusishwa na kemikali ya kutuliza iitwayo interleukini 10. Huko Entebbe, Uganda, taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba dawa ya minyoo wakati wa ujauzito iliambatana na ongezeko la ukurutu kwa watoto wachanga. Lakini baadaye katika vijiji 26 vya wavuvi wa Ziwa Viktoria, dawa zilipotolewa kwa wingi kwa miaka mitatu, mzio haukuongezeka. Mwalimu wa Mchinga akiandikiwa kwamba minyoo huleta seli za kuzuia mzio, atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini watoto wapewe dawa. Akiandikiwa kwamba minyoo hukandamiza kinga, hataelewa mzio umeingiaje katika maneno hayo. Kipeperushi kingeweza kusema hivi: "Minyoo huzitumia seli T dhibiti za mtoto ili mwili usiishambulie, mtoto apewe dawa, na mafua ya mzio yakitokea yatibiwe kwa dawa yake."