Halichezeki: Neno Kutoka Banda la Gemu la Choma

Choma cha Nkola, wilayani Igunga, mkoani Tabora, kuna banda la gemu lenye televisheni mbili za chogo na mashine mbili za PlayStation 2 zilizochakaa mpaka rangi zake hazitambuliki. Mchana mmoja nilikuwa hapo nasubiri gari. Ndani vijana watano walibanana kwenye benchi wakicheza gemu la San Andreas kwa zamu. Wa sita, kijana mwenye ualbino, alikuwa nje chini ya mwembe, kofia ya pama ameishusha hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza mbona haingii na wenzake.

"Mchana halichezeki, mwalimu," akanijibu. "Jua likizama nitacheza."

Nami nilikuwa na wiki nzima nahangaika na neno hilohilo bila kujua. Nilipewa menyu ya programu niitie Kiswahili, na mstari mmoja ukanikalia kooni: ule ambao Waingereza huuandika accessibility. Maana yake haina utata. Ni ile sifa ya jengo, chombo au programu iliyotengenezwa hivi kwamba mtu mwenye ulemavu anaitumia kama wengine, bila kusubiri hisani ya mtu. Mteremko kando ya ngazi ni sifa hiyo, na simu inayomsomea asiyeona ujumbe wake ni hiyohiyo. Tabu ni jina.

Kwetu Tanzania neno linalotamkwa kila siku ni rafiki: miundombinu rafiki, vyoo rafiki, mazingira rafiki. Linapendeza kwenye hotuba. Lakini choo kikishaitwa rafiki hatuambiwi kama mlango wake unapitisha kiti cha magurudumu, na kwa maoni yangu neno hilo limeshatumika hadi limeota kutu. Kwenye simu za Android nilizozishika zikiwa zimewekwa Kiswahili, nimekuta kitu kirefu: "Zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia". Hapo angalau mtu anaelewa. Ila mwenye vidole visivyokunjika ameachwa nje, na matatizo yamebandikwa kwa mtu, kana kwamba skrini haina lake.

Halafu kuna ufikivu, neno fupi linalozidi kuenea kwenye tafsiri za kompyuta. Nami nililitumia kwa miaka, mpaka siku ya mwembe. Tazama jinsi tunavyounda sifa za namna hii. Anayesikia ni msikivu, anayevumilia ni mvumilivu, anayesahau ni msahaulifu, na takwimu zinazodanganya ni danganyifu. Kitenzi kinachobeba yambwa kikishavaa mwisho huo, sifa inakwenda kwa mtenda. Redio ikitoa sauti safi hatusemi kwamba ni sikivu. Tunasema inasikika. Kwa hesabu hiyo, mwenye ufikivu ni yule anayefikia. Tumemtwika mchezaji mzigo ambao ulikuwa wa mtengenezaji.

Mwanaisimu atanikatiza hapa: je, nyumbufu? Mti nyumbufu si unaonyumbua, ni ule unaonyumbuka. Kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Nyumbufu limetoka kwenye nyumbuka, kitenzi ambacho tayari kina uka ndani yake. Nasi tungeanza na fikika, tungepata ufikikaji, neno sahihi ambalo ulimi hujikwaa kila ukifika kwenye kika.

Kijana wa Choma hakujikwaa popote. Alichukua kitenzi cha kazi yenyewe, kucheza, akakipa ka ya mwisho. Ni sarufi ileile ya watu wa Igunga masika yanapokolea na udongo mweusi wa mbuga ukageuka uji: barabara haipitiki. Hakuna anayesema kwamba dereva ana upungufu wa kupita. Mwandiko mbaya hausomeki, ugali mbichi hauliki. Kiingereza kimetafuta nomino moja ya kufunika yote hayo. Sisi tuna kiambishi kinachokwenda na kila kitenzi, na sijui kwa nini wafasiri, mimi nikiwa wa kwanza, tunakipita tukikimbilia nomino. Kwa gemu, basi, nasema uchezekaji.

Lina kasoro zake. Mtu akisifu gemu kwamba linachezeka, huenda anasema tu ni tamu. Na mtaani asiyechezeka ni mbabe wa kuogopwa. Dawa ni kuuliza kila mara: linachezeka kwa nani?

Kwa yule kijana, jibu lilikuwa kwenye mlango. Ualbino huambatana na uoni hafifu na macho yasiyostahimili mwanga mkali, na mlango wa banda umeelekea machweo. Kuanzia saa nane mchana jua huingia na kupiga kioo cha televisheni. San Andreas, lililotoka 2004, lina ramani ndogo ya duara pembeni chini kushoto. Kwenye chogo ile haizidi kizibo cha soda, na alama ndani yake ni vidoa. Maagizo ya misheni yanapita chini kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, yakatoweka. Jioni nilimwona akicheza. Aligeuza ndoo akaikalia shibiri moja kutoka kwenye kioo, na rafiki yake nyuma ya bega akawa anamsomea ramani: "Kushoto. Nyoosha. Nyoosha. Polisi nyuma yako."

Njia ya misafara iliyopita nchi hii ilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, mbele ya wapagazi alitembea kirangozi, kiongozi wa njia. Baragumu lilisikika kwa aliyekuwa nyuma kabisa, ambaye hakuona kitu ila mgongo wa mwenzake. Njia ilipogawanyika, ile isiyo yenyewe ilizibwa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa chini kwa mguu. Hakuna aliyesema msafara umefanywa mwepesi kwa hilo. Mzigo wa pembe ulibaki na uzito wake.

Mwaka 2020 studio ya Naughty Dog ya Marekani ilimweka kirangozi ndani ya gemu lenyewe. The Last of Us Part II, gemu la mapigano na safari kwa PlayStation 4, lilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya uchezekaji, iliyofungwa pia katika mafurushi matatu: la macho, la masikio na la mikono. Asiyeona akibonyeza kijiti cha kushoto, kamera inageukia njia ya kuendelea. Milio tofauti humjulisha kwamba hapa pa kuruka, hapa pa kuokota. Mwenye uoni hafifu anaweza kufanya mandhari yote ififie, adui awe mwekundu, yeye na wenzake wawe buluu, vya kuokota viwe njano. Asiyesikia anaandikiwa maneno ya chini pamoja na jina la msemaji na mshale wa upande sauti ilikotoka. Hilo la mshale si dogo. Mkoa wa Tabora ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963. Kijana aliyesoma pale atasoma maongezi ya San Andreas akayaelewa, kama Kiingereza anakijua, lakini risasi inayotoka nyuma haiandikwi popote.

Mikono nayo ina kisa chake palepale bandani. Kwenye PlayStation 2, ili mhusika wa San Andreas atimue mbio, sharti ugongegonge kitufe cha X bila kupumzika. Mmoja wa wale watano aliungua mkono utotoni na vidole vya kulia havikunjiki vyema. Yeye hushika upande wa kushoto wa pedi, jirani yake hushika wa kulia, wanakimbia pamoja kama ng'ombe wa nira moja. Xbox walitoa kitu cha namna hiyo mwaka 2017, pedi mbili zinazohesabiwa kama moja. Mwaka uliofuata Microsoft wakaleta pedi yenye vitufe viwili vipana kama sahani na matundu 19 ya kuchomekea swichi za mguu, kiwiko au kidevu. Iliuzwa kama dola 100, bei ya mbuzi watatu wanene. Katika The Last of Us Part II hakuna haja ya mbuzi: kugongagonga kunabadilishwa kwenye menyu kuwa kushikilia tu.

Wapo wanaonung'unika kwamba huku ni kurahisisha. Ndiyo maana "urahisi wa kutumia" nimelikataa mapema kuliko mengine. Baraza la Mitihani la Tanzania humpa mtahiniwa mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, na wenye mahitaji maalumu wameongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na 10 katika masomo mengine. Maswali ni yaleyale. Mtahini hajafanya kipeuo cha pili kuwa rahisi, amefanya karatasi isomeke. Yule kijana wa ndoo, mbele ya macho yangu, alimaliza misheni ya treni iliyokuwa imewashinda wenzake watatu mchana ule.

Wala si jambo la anasa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja burudani, starehe na michezo waziwazi.

Gemu ambalo ningependa kulipeleka Choma halina picha kabisa. A Blind Legend, la Wafaransa wa Dowino, lilitoka 2015 kwa simu. Shujaa ni mwanajeshi asiyeona, na bintiye Louise humwongoza kwa sauti. Unavaa spika za masikioni, unasikia adui akisogea kulia au kushoto, unapangusa kioo kwa kidole upanga ukate. Simu ya kawaida inatosha. Nilidhani hili ndilo, mpaka nilipokumbuka kwamba Louise hasemi Kiswahili. Kwa asiyeona wa Choma, mwenye Kinyamwezi au Kisukuma chake na Kiswahili chake, "kushoto" ya Louise haimfikii. Halichezeki, na safari hii macho hayana kosa. Neno la kijana lilitosha hapo pia, wakati "matatizo ya kuona au kusikia" lisingekuwa na la kusema.

Menyu yangu niliirudisha na Uchezekaji juu, na chini yake: Ukubwa wa herufi. Rangi za adui. Kugongagonga: badili kuwa kushikilia. Mhariri akaniuliza kama neno limo kwenye kamusi. Nilimwandikia kwamba barabara haipitiki imo.

Niliporudi Choma baada ya mavuno ya pamba, mwenye banda alikuwa ametundika magunia mawili mlangoni, yameshonwa pamoja kwa uzi wa katani. Ndani kulikuwa kama tanuri, na wale wa benchini walikuwa wakimlilia ayatoe. "Vumilieni," aliwaambia, "huyu naye ana mia mbili yake." Ilikuwa saa tisa mchana na ndoo ilikuwa na mtu.