Kambale wa nani? Juu ya jina la ukoo kwetu Wanande

Mara nyingi vijana wa Butembo na Beni wanatuuliza asili ya jina la familia yao. Jibu la kwanza haliwafurahishi: wazee wetu hawakuwa na jina la kupitisha toka baba mpaka mtoto. Ukoo ulikuwako, na watu walijuana kwao, lakini ukoo ulitajwa kwa kinywa. Haukuwekwa nyuma ya jina la mtoto.

Jina lilikuwa la kuhesabu. Mvulana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika. Basi anayeitwa Kambale anatangaza ya kwamba kuko mkubwa aliyemtangulia. Hata mkubwa huyo akifariki, Kambale hawezi kugeuka Paluku. Marehemu anabaki ndani ya hesabu ya mama yake. Kuko pia Muhindo, mvulana anayezaliwa kisha wasichana, na Kahindo, msichana anayezaliwa kisha wavulana: mzazi anasema uzazi umegeuka. Ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, ngambo ya Ruwenzori, wanahesabu vilevile: kwao Kambale ni Bwambale, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo.

Sasa jina la ukoo limetoka wapi? Limetoka kwenye karatasi. Wapadri Waasunsionisti walifika Beni mwaka 1929, na kitabu cha ubatizo kikaomba jina la baba. Kisha shule na serikali wakaomba vilevile. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo. Karatasi zikabaki na jina na postinomu. Kambale akaandikwa mahali pa jina, sawa vile lingekuwa la familia nzima.

Toka hapo wababa wengine wakawapa watoto wote jina lao la hesabu. Siku hizi, tukisoma liste ya wanafunzi, tunakuta Kakule aliye kifungua mimba, na Kasereka asiye na ndugu hata mmoja. Karatasi ni ya kweli, lakini jina linadanganya.

Si jambo dogo. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamesambaza familia nyingi za Beni. Anayetafuta ndugu kati ya wakimbizi na kusema tu « Kasereka » atajibiwa: « Kasereka wa nani? » Linalomtambulisha ni lile jina la pili, mara nyingi jina la babu, ambalo wengi wanaliacha ao kulikata kwa herufi moja.

Tunaomba basi wazazi waandike yote mawili: jina la hesabu linalomfaa mtoto mwenyewe, na jina la babu, kamili. Na ninyi vijana, nendeni muulize maana ya jina hilo la pili wakati wazee wangali hai. Ndilo jina la ukoo mnalolitafuta.